Wajane wa Kiyunani na nafasi za darasani

Mwezi Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilivizuia vyuo vikuu kuangalia rangi ya mwombaji vinapodahili wanafunzi. Kesi ilihusu vyuo viwili, Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina. Wapo walioshangilia kwamba sasa kila mtu atapimwa kwa jasho lake, na wapo waliosikitika. Sisi wa Tabora tusidhani hayo ni ya Wamarekani peke yao. Mji huu umeijua kwa muda mrefu habari ya nani aingie darasani na nani abaki nje.

Waingereza walipoanzisha Shule ya Wavulana Tabora katika miaka ya 1920, waliwalenga hasa watoto wa machifu. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia hapo mwaka 1937. Akili alikuwa nayo, hakuna anayebisha. Lakini watoto wa wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba frasila mbili za pembe begani hadi Bagamoyo, nani aliwafikiria? Huo nao ulikuwa upendeleo, ila hatukuuita hivyo kwa sababu ulimfuata aliyekuwa nacho tayari.

Uhuru ulipofika, shule za misheni zilikuwa zimejazana Kilimanjaro, Bukoba na Rungwe, kwenye baridi na kahawa. Sehemu kubwa ya njia ya misafara ilikuwa nyuma. Serikali ikazitaifisha shule za makanisa kwa Sheria ya Elimu ya 1969, na katika miaka ya 1970 ikagawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mgawo wa mikoa. Mtoto wa Moshi mwenye alama nzuri aliachwa, huku wa mkoa mwingine mwenye alama pungufu akichukuliwa. Wazazi wa kule walilia, kisha wakajenga shule zao wenyewe, mara nyingi wakishirikiana na makanisa. Tusiwacheke. Mtoto yule hakuwa na kosa lolote.

Kwa wasichana njia ilikuwa kama hiyo. Makerere ilianza mwaka 1990 kuwaongezea alama moja na nusu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaweka mafunzo ya awali kwa wasichana waliokaribia kufuzu masomo ya sayansi. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza ubaguzi, lakini haiizuii Serikali kuchukua hatua za makusudi kurekebisha matatizo katika jamii.

Wanaopinga wana andiko zito. Walawi 19 inamkataza mwamuzi kumpendelea maskini, sawasawa na inavyomkataza kumstahi mkubwa. Mtihani ni hukumu, wanasema, na anayesahihisha asiangalie uso. Nakubaliana nao kabisa kuhusu kusahihisha. Daktari wetu asipewe cheti kwa huruma.

Ila kugawa nafasi si kusahihisha. Tazameni Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yakazuka, na kanisa likachagua watu saba. Someni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani! Waliolalamika walipewa watu wa upande wao kushika ugavi. Na bado sifa hazikuondolewa: walitakiwa watu wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Vyote viwili vilikwenda pamoja, na mimi nasimama hapo.

Kinachonisumbua kuhusu mgawo wa mkoa ni kingine. Mkoa si mtu. Nafasi ya Tabora inaweza kuchukuliwa na mtoto wa ofisa anayeishi mjini, mwenye mwalimu wa jioni na taa ya umeme, wakati binti wa mkulima wa tumbaku kule Kaliua, aliyekosa masomo msimu wa kuvuna na ambaye posa yake imeshaanza kuzungumzwa nyumbani, haonekani kwenye orodha yoyote. Mgawo unaoishia kwenye jina la mkoa unamsahau mjane yuleyule.

Na kanisa je? Leo tuna tena shule zetu, nyingi na nzuri. Tunafanya mtihani wa kujiunga, tunatoza ada, tunawachuja wasiofikia wastani, kisha matokeo yakitoka tunatangaza madhabahuni kwamba tumeongoza. Tukiwa tumewachagua waliokwisha kufaulu, sijui tunajisifia nini hasa. Halmashauri za parokia na mabaraza ya wazee hupokea taarifa za shule hizo kila mwaka: majengo, madeni, wastani wa ufaulu. Katika kikao kijacho mtu mmoja anyooshe mkono aulize ni watoto wangapi wa Sikonge, Kaliua na Ulyankulu wamo humo, wangapi kati yao ni wasichana, na nani anawalipia ada.