Adabu Ukutani Barranco

Ndugu wanachama,

Vijana wetu wapagazi ni hodari wa Kilimanjaro, lakini wakifika Ukuta wa Barranco adabu inapotea. Pale watu hupanda kwa mikono na miguu, tena mmoja mmoja. Eti huyu anamsukuma wa mbele, yule anasimama penye wembamba apigwe picha! Linaloudhi zaidi, mtu anaporomosha jiwe halafu kimyaa. Jamani, aliye chini ana mzigo kichwani, atalionaje? Piga kelele: "Jiwe!" Mwenye mzigo naye apishwe penye nafasi, anayepisha asimame upande wa mwamba, si wa korongo.

Kambini tutafika tu. Mwenzako akivunjika, nani atalisha watoto wake? Tabia hii ikome.

Mwanachama