Sokwe wa Gombe na Daftari la Mwanafunzi Wetu



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, leo tunataka kuzungumza juu ya jambo lililozuka darasani kwetu hapa Kashikishi. Kijana mmoja alisoma shuleni habari za sokwe wa Gombe, akaja nazo madrasa na daftari limejaa. Jioni yake baba mtu akatufuata msikitini, daftari mkononi, akauliza kwa sauti ya chini: "Maalim, ndiyo mnamfundisha mwanangu kwamba babu yake ni sokwe?"

Swali lake halikuwa la kipuuzi, na tukaona si haki kumjibu kwa kicheko. Baba yule alikuwa na hofu, na wazazi wengi wana hofu hiyo hiyo ila hawaisemi. Matokeo yake mtoto anakatazwa kusoma, au anasoma kwa kujificha. Yote mawili ni hasara. Basi tuanze na habari yenyewe kama ilivyotokea.

Tarehe 14 Julai 1960, binti wa Kiingereza wa miaka 26, Jane Goodall, alishuka kwenye boti ufukweni Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Aliyemtuma ni Dakta Louis Leakey wa Kenya. Wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae porini peke yake, kwa hiyo akaja na mama yake. Ufukwe ule ulikuwa na wavuvi wa dagaa, watu wa kuvua usiku kwa taa kama wanavyovua chisense ndugu zetu hapa Mweru. Mama mtu akawafungulia wavuvi wale kituo kidogo cha dawa, na ujirani ukaanza hapo.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya kushindwa. Malaria iliwalaza mama na mwana. Sokwe wakimwona tu walikimbia. Yeye akawa anapanda mlimani alfajiri na darubini yake, anakaa mahali pale pale, amevaa nguo za rangi ile ile, kesho na keshokutwa, mpaka wakamzoea. Sokwe wa kwanza kumwamini alikuwa dume mwenye ndevu nyeupe, naye akampa jina la David Greybeard.

Mwezi wa Novemba 1960 akamwona dume huyo akichomeka jani la nyasi katika kichuguu, analitoa limejaa mchwa, anawala. Mara nyingine sokwe walichuma kijiti, wakapukutisha majani yake kwanza ili kifae kazi. Wakati huo wataalamu walikuwa wakisema kwamba mwanadamu pekee ndiye anayetengeneza zana. Leakey alipopata habari alisema sasa itabidi tueleze upya zana ni nini na mwanadamu ni nani, la sivyo tuwahesabu na sokwe kuwa watu. Mwaka huo huo Goodall aliwaona wakila nyama, hali ilidhaniwa wanakula matunda na majani tu.

Aliona na mapenzi. Flo alikuwa mama mzee mwenye watoto kadhaa. Alipokufa mwaka 1972, mwanawe Flint aliacha kula, akajikunyata, naye akafa kabla mwezi haujaisha. Aliona na ukatili. Kuanzia 1974 hadi 1978 kundi moja lililogawanyika lilipigana lenyewe kwa lenyewe, na madume wote wa upande mdogo wakauawa au kutoweka. Goodall alikiri kwamba jambo hilo lilimsumbua sana, kwani alikuwa akiwadhania sokwe kuwa wapole kuliko sisi. Hata hivyo aliliandika kama lilivyo. Hapo ndipo sisi walimu tunamheshimu zaidi: aliandika hata lile ambalo hakupenda kuliona.

Lakini kuna watu ambao magazeti huwasahau. Rashidi Kikwale alikuwa miongoni mwa waliomwongoza msituni siku za mwanzo. Shambulio la kwanza la vita ile, mwezi wa Januari 1974, lilishuhudiwa na Hilali Matama, Mtanzania mwenye kazi ya kuwafuata sokwe toka asubuhi hadi jioni. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni. Wote waliachiwa baadaye, lakini wageni wakaondoka Gombe. Kazi haikusimama hata hivyo. Watanzania hao ndio waliobaki wakiwafuata sokwe na kuandika. Vijana wetu wajue kwamba elimu hii ilijazwa daftarini na mikono ya akina Hilali, Hamisi na Yahaya pia, watu wa mwambao wa ziwa kama wao.

Sasa turudi kwa baba mwenye hofu. Tulimwambia atenganishe mambo mawili. La kwanza ni yale yaliyoonekana kwa macho: sokwe anatumia kijiti, anamlilia mama yake, anapigana. Hili halina ugomvi na imani ya mtu. La pili ni maelezo ya wataalamu juu ya asili ya mwanadamu. Katika hilo sisi tuna itikadi yetu juu ya Nabii Adam (A.S.), na mtoto anaweza kuyasoma maelezo hayo, akayaelewa, akajibu mtihani wake vizuri, bila kuiacha itikadi hiyo. Mtoto asiyejua hoja ya mwenzake ataweza vipi kusimama nayo chuoni?

Tena Qur'ani yenyewe, katika Surat al-An'am aya ya 38, inatufahamisha kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Katika Surat al-Maida tunasoma kwamba mwana wa Adam alijifunza kwa kunguru namna ya kumsitiri ndugu yake aliyemuua. Ikiwa mtu wa zamani zile alifundishwa na kunguru, sisi tunaona aibu gani kujifunza kwa sokwe?

Kuna na kosa jingine la majumbani. Wapo wanaowaambia watoto kwamba nyani na sokwe wote ni kizazi cha watu waliolaaniwa. Katika Sahih Muslim, Mtume (S.A.W.) ameeleza kwamba waliogeuzwa hawakuachiwa kizazi, na kwamba nyani walikuwepo kabla ya hapo. Basi tuache kumtesa mnyama kwa kisa kisichomhusu, na tuache kumwita mtoto wa mwenzetu nyani tukikasirika.

Mtu atasema, Gombe ni mbali, na Zambia haina sokwe wa porini, yatuhusu nini? Yanatuhusu. Ng'ambo ya maji haya ni Kongo, nchi yenye sokwe wengi, na ndiyo inayopoteza. Mwindaji akitaka mtoto wa sokwe humuua mama kwanza. Chimfunshi, karibu na Chingola, pana makao yaliyoanzishwa mwaka 1983 na Sheila na David Siddle, pale walipoletewa mtoto wa sokwe aliyenyang'anywa walanguzi. Wengi waliofuata walitoka Kongo kwa njia hiyo hiyo. Kila biashara ya namna hii inahitaji mnunuzi na mpitishaji. Isiwe mmoja wao anatoka katika safu zetu za swala.

Na hapa kwetu lipo somo lililo karibu zaidi. Samaki wa mpumbu walikuwa wakipanda Mto Luapula kwa wingi kutaga mayai. Walitegwa njiani, wakavuliwa mpaka katikati ya karne iliyopita wakaadimika. Wazee waliona. Laiti macho yao yangesikilizwa mapema! Mtoto anayefundishwa kukaa kimya, kutazama na kuandika ukweli, ndiye atakayetuambia habari za chisense kabla haijawa kama mpumbu.

Kwa hiyo nasaha zetu kwa familia ni chache. Mzazi, usimnyang'anye mtoto daftari, keti naye alisome mbele yako. Mwanafunzi, chagua kiumbe kimoja, hata ndege wa ufukweni, umtazame mwezi mzima na uandike ulichoona, si ulichosikia. Walimu wenzetu, swali likikushinda sema "sijui", kisha mkatafute pamoja.

Jane Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91. Hakuwa wa dini yetu, lakini miaka 65 baada ya yeye kushuka botini sokwe wa Gombe walikuwa bado wakifuatwa na kuandikwa, na sisi tunaona uzito kusubiri nusu saa samaki aguse ndoana.

Daftari la kijana yule tumelirudisha. Baba yake amesema atalisoma.

Wabillahi tawfiq.