Kasongo na Kabambare: Asilimia ya jimbo zima isifunike watu wa vijijini

Kila mara ripoti inapotoka juu ya Maniema, asilimia zinajaa kurasa kama vile mtu alibisha hodi kwa kila nyumba kutoka Kasongo hadi Salamabila. Hakuna aliyefanya hivyo. Mtafiti au mwandishi wa habari anayetumia anketi ya serikali bila kusema ukweli huo anawapotosha raia.

Kongo ilihesabu raia wake mara ya mwisho mwaka 1984. Wakati ule Maniema haikuwa hata jimbo. Ilikuwa ndani ya Kivu, iliyogawanywa mwaka 1988. Tangu hapo vita vimepita na vijiji vizima vimehama. Idadi ya raia inayoandikwa leo ni makadirio.

Mfano mmoja unajulikana duniani. Katika anketi ya afya ya serikali ya mwaka 2007, wanawake 3,436 wa nchi nzima walijibu maswali juu ya jeuri wanayotendewa. Mwaka 2011 watafiti walioko Marekani walichukua majibu hayo, wakayazidisha kwa makadirio ya idadi ya wanawake, wakaandika katika American Journal of Public Health kwamba wanawake zaidi ya elfu 400 walibakwa ndani ya miezi 12. Watafiti walieleza njia yao. Vichwa vya habari vilibakiza jambo moja tu: wanawake 48 kila saa. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba wengi sana walilazimishwa na waume au wapenzi wao, lakini hilo halikuingia kwenye kichwa cha habari.

Hakuna anayekana mateso ya wanawake. Wanaoyajua zaidi wako Kasongo na Kabambare. Ndiyo sababu wanastahili hesabu ya kweli.

Anketi ile ilipangwa kutoa jibu la jimbo, si la wilaya. Maniema ina wilaya 7. Anayechukua asilimia ya jimbo na kuibandika Kabambare anaandika jambo ambalo anketi haikusema. Na familia iliyokimbia Salamabila je? Fomu inauliza nani alilala nyumbani usiku uliotangulia. Aliyelala kwa jamaa anahesabiwa kama mgeni wa nyumba hiyo. Aliyelala porini hayumo kabisa. Kisha namba hiyohiyo inapelekwa mezani wanapogawa chakula, dawa na madawati ya shule.

Wapo wanaojibu kwamba namba ya zamani ni afadhali kuliko kukosa namba. Sawa, ikiwa imeandikwa umri wake. Dawa pia ina tarehe yake, na muuguzi anayeikwaruza hasaidii mgonjwa.

Wanaoandika juu ya kusini mwa Maniema wanadaiwa mambo manne: wataje mwaka wa anketi, waseme watu wangapi waliulizwa, waseme kama jibu ni la jimbo au la wilaya, na waeleze wakimbizi wa ndani walihesabiwa namna gani. Redio za hapa nazo zisisome asilimia yoyote hewani kabla ya kuuliza maswali hayo manne.

Na majibu yarudi vijijini. Mama aliyefungua mlango na kujibu maswali mazito ana haki ya kusikia, kwa Kiswahili anachoelewa, maneno yake yalitumiwa kwa kazi gani.