Bibi Zetu Nao Wana Majina



Mwaka unaelekea ukingoni, nasi tunahesabu tulichovuna. Wapo waliovuna maharage, wapo waliovuna wajukuu. Sisi akina mama wa kikundi cha usharika wetu, huku mkoani Kagera, mwaka huu tumevuna majina. Mwezi Januari tulikubaliana kwamba kila mmoja aandike ukoo wake katika daftari: upande wa baba, upande wa mama na upande wa mume, hadi vizazi vinne. Kazi hiyo imetufunza mambo matatu, na yafaa tuyagawane nanyi.

La kwanza ni kusikiliza. Ukimwuliza mzee alizaliwa mwaka gani, aghalabu atakujibu, "Sijui, mwanangu." Lakini mwulize alikuwa na umri gani jambo fulani lilipotokea, mtaketi hadi chai ipoe. Wazee wetu wana kalenda yao. Wapo walioambiwa na mama zao habari za Waingereza kuivamia Bukoba ya Wajerumani, Juni 1915. Wapo wanaokumbuka Askofu Rugambwa alipofanywa kardinali mwaka 1960, na Uhuru mwaka uliofuata. Vita vya Kagera vilianza 1978. Meli ya MV Bukoba ilizama Mei 1996. Bibi akisema, "Nilikuwa namnyonyesha mjomba wako tulipokimbia vita," basi mjomba amekwisha kupata mwaka wake.

Baada ya wazee tulikwenda kwenye maandishi: vyeti vya ndoa, daftari za ubatizo, misalaba ya makaburini. Hapo yataka uangalifu, kwani mwaka wa ubatizo si lazima uwe mwaka wa kuzaliwa. Wazee wengi walibatizwa wakiwa watu wazima. Andikeni yote mawili, kila moja mahali pake.

La pili lilituuma. Upande wa wanaume tulipanda bila shida hadi kwa babu wa babu, jina kwa jina, pamoja na muziro wa ukoo. Upande wa wanawake tulikwama mapema. Tuliambiwa tu, "Alioa kwa watu wa ng'ambo ile," na habari ikaishia hapo. Mwanamke aliyezaa watoto tisa, akalima mgomba ambao wajukuu wanakula mpaka leo, hana hata jina!

Tulipofungua Injili ya Mathayo, sura ya kwanza, tulifarijika. Katika orodha ile ndefu ya akina baba, wametajwa pia Tamari, Rahabu, Ruthu na yule aliyekuwa mke wa Uria, kabla hatujafika kwa Mariamu. Ruthu alikuwa mgeni kutoka Moabu, na Rahabu maisha yake ya awali tunayajua. Mwandishi angeweza kuwaruka. Hakuwaruka.

Tena jina si pambo tu. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakidai urithi wa baba yao asiyekuwa na mwana wa kiume, na Mungu akasema wana haki. Hata kwetu jambo hili si geni. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipoliuza mwaka 1988, mpwa wake akafungua kesi, kwa kuwa mila ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo, si kuliuza. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika jambo hilo. Binti ambaye jina lake limeandikwa katika ukoo ni vigumu kumsahau siku ya kugawa.

La tatu ni damu, na hapa tunasema pia kama wauguzi. Mama mmoja katika kikundi, ambaye ameturuhusu tueleze habari zake bila jina, amezika watoto wawili. Wa tatu ana selimundu, ugonjwa ambao chembe nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu, zikaleta maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu na macho ya njano. Mawifi walisema ameingiza damu mbaya katika ukoo wao. Wengine walimtaja mama yake mzazi kuwa mchawi. Mume alikuwa ameanza kusikiliza.

Alipofika kuandika upande wa mume, mama mkwe mwenyewe alihesabu kwa vidole: mdogo wake mmoja, kisha mtoto wa kaka yake, wote walikufa kabla ya kuanza shule, wakilia mifupa. Daftari haliwezi kupima ugonjwa, lakini lilimfanya mume akubali kupimwa. Wote wawili wakakutwa na chembe hiyo ya urithi, ingawa wao wenyewe si wagonjwa. Ugonjwa huu haumpati mtoto kutoka kwa mama peke yake. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, katika kila mimba upo uwezekano mmoja kati ya minne wa mtoto kuwa mgonjwa, na baba amechangia nusu kamili.

Wala si laana. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wabebaji hukingwa kwa kiasi fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu urithi huu ni wa kawaida katika nchi zenye malaria nyingi kama kando ya ziwa letu.

Mume ndiye aliyewaeleza dada zake. Wifi mmoja hajamsemesha mama huyu hadi leo. Mwingine siku hizi humsindikiza kliniki na mtoto.

Ndugu msomaji, ukitaka kuanza, zingatia haya:

1. Anza na mzee aliye mgonjwa au mkongwe zaidi. Usingoje Pasaka.

2. Andika jina la kila mwanamke, na kwao alikotoka.

3. Waandike watoto waliofariki wachanga. Mmoja wetu aliandika jina la mwanawe aliyeishi siku mbili, miaka 22 iliyopita. Hakuwahi kuliona limeandikwa mahali popote.

4. Siri ya mtu ni yake. Nani alizaliwa nje ya ndoa, nani ana ugonjwa gani, si habari za kutangaza kanisani.

5. Vijana wanaotaka kuoana wapime selimundu mapema, kabla ya mahari. Si kwa kuwatenganisha, bali waingie wakijua.

Mungu anayetujua kwa majina aubariki mwaka wenu mpya. Tukutane Januari.