Bisheni Hodi Kwanza

Jumamosi moja nilikuwa kwa kinyozi nikingoja zamu yangu. Kitini alikaa kijana wa mtaani kwetu, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Kwenye televisheni likaja tangazo la sabuni: mama kabeba ndoo ya maji kichwani, anashuka ngazi huku akicheza, na tone halimwagiki. Kinyozi akazima mashine. "Dogo, hii si ile yako?" Ilikuwa yake. Ile ndoo, zile ngazi, hata ule mguu unaochelewa kutua kwenye ngazi ya mwisho. Klipu yake ya kucheza hivyo aliirusha mtandaoni miezi michache nyuma kwa bando la kukopa, na mtaa mzima tukaitazama. Kijana akacheka tu. Kicheko kile ndicho kilichonikalisha niandike.

Najua watengeneza matangazo watanijibu nini, na jibu lao lina mashiko. Hakimiliki hulinda kazi iliyokwisha kutengenezwa, hailindi wazo tupu. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani unasema hivyo waziwazi. Na nani kati yetu hajaazima? Nyimbo ngapi za taarabu zimevaa sauti za filamu za Kihindi, nasi tukazipigia makofi? Lakini hata jirani anayekuja kuomba chumvi hubisha hodi, ingawa mlango uko wazi.

Mwaka 2006 bendi ya Marekani iitwayo OK Go ilitoa video ya wimbo "Here It Goes Again". Wanaume wanne wanacheza juu ya mashine nane za kukimbilia, zile za mazoezi, kamera imesimama palepale bila kukatisha. Mchezo huo waliutunga pamoja na Trish Sie, dada wa mwimbaji wao, na waliurudia mara 17 hadi video ikakamilika. Dunia ikaitazama, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Grammy. Baadaye watazamaji wa Uingereza wakaona kwenye televisheni tangazo la vidonge vya Berocca, watu wanacheza juu ya mashine kama zile. Sisemi pana kosa la kisheria. Nasema zitazameni zile mara 17. Anayechukua kitu kilichokwisha kuvuma hachukui wazo peke yake, anachukua na uhakika kwamba watu watakipenda, na uhakika huo umegharimiwa na jasho la mwingine.

Kampuni ya chingamu ya Stride ilipita njia nyingine. Ilimwona Matt Harding, Mmarekani aliyejirekodi akicheza ovyo ovyo kila alikosafiri, ikamfuata yeye mwenyewe na kumlipia safari. Mwaka 2006 akazunguka nchi 39, Rwanda ikiwemo, ambako watoto walijiunga naye kucheza. Chingamu ikapata jina, na mchezo ukabaki na miguu ya mwenyewe.

Basi, ndugu zangu wa idara za masoko, wazo likiletwa mezani ulizeni kwanza: hili tumeliona wapi? Kumpata mwenyewe si kazi, jina lake liko hapohapo kwenye klipu. Kituo cha televisheni mnakilipa kwa sekunde. Mwenye ndoo mtakosa nini cha kumpa? Tena mwiteni acheze yeye. Ule mguu unaochelewa, mama wa kwenye tangazo hakuupatia.

Nanyi vijana, acheni kucheka. Tunzeni klipu ya asili kama ilivyotoka kwenye simu, na tarehe yake, msiifute eti simu imejaa. Wakija kubisha hodi, ombeni makubaliano ya maandishi kabla ya kushukuru. Hata sisi watazamaji tumtaje mwenye kitu, badala ya kusifia sabuni.

Juzi nimemkuta yule kijana kibarazani na ndoo mpya. Ubavuni kaandika jina lake kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, rangi bado mbichi.