Mfungaji Hafungi Peke Yake

Hapa Voi mechi ya shule ikiisha swali huwa ni moja tu: "Nani amefunga?" Mpira ulitoka kwa nani, hakuna anayeuliza. Mwisho wa mwaka zawadi ya mchezaji bora humwendea mwenye mabao mengi. Hata tukibishana nani anafaa kuitwa timu ya kaunti, hoja ni hiyo hiyo. Mimi napinga. Mabao ya mtu hutegemea sana mfumo anaochezeshwa.

Hebu tumtazame Mkenya mwenzetu Michael Olunga. Msimu wa 2017/2018 alikuwa Girona, Uhispania. Timu ile ilitumia straika mmoja, na nafasi hiyo ilikuwa ya Cristhian Stuani, aliyefunga mabao 21 ya ligi. Olunga alizoea benchi. Januari 2018 aliingia dhidi ya Las Palmas akafunga matatu, Girona wakashinda 6-0. Basi hayo ndiyo mabao yake yote ya ligi msimu ule!

Mwaka 2020, Olunga huyo huyo akiwa Kashiwa Reysol ya Japani alifunga mabao 28 ya ligi, akawa mfungaji bora na mchezaji bora. Je, alipewa miguu mingine? La hasha. Kule yeye ndiye aliyekuwa straika tegemeo, na timu ilipenda kunyakua mpira na kuutuma upesi nyuma ya mabeki, mahali ambapo mbio zake na kimo chake vina faida. Hata hivyo Kashiwa walimaliza nafasi ya 7, kwa hivyo mabao ya mtu mmoja hayaelezi hali ya timu nzima.

Mtasema, "Lakini mpira ni mabao!" Kweli, na kufunga si mchezo, wengi hupewa pasi safi wakapaisha. Lakini aliyefunga 4 kwa nafasi 10 na aliyefunga 2 kwa nafasi 2, ni nani mkali? Hesabu yetu ya sasa haiwezi kujibu.

Ubaya ni kwamba winga anayekimbia mechi nzima kwenye vumbi letu jekundu akipiga krosi, jina lake haliandikwi popote. Mwishowe anakuwa mchoyo. Anapiga golini mwenyewe hata akiwa pembeni kabisa, maana pasi haina zawadi. Hapo timu inakufa.

Maoni yangu ni haya: katika kila mechi mwanafunzi mmoja akae kando na daftari. Aandike nani amefunga, nani ametoa pasi ya mwisho, na kila straika amepata nafasi ngapi. Gharama ni kalamu tu. Halafu siku ya zawadi walimu wasome daftari lote, si ukurasa wa mabao peke yake.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mbona sisi tunakivisha pete kidole kimoja?