Kabla ya Kwenda Dukani, Pitia kwa Fundi

Kila mwaka unapoelekea ukingoni na vikoba vikaanza kuvunjwa, swali moja husikika maofisini, vijiweni na ndani ya daladala: "Simu hii niibadili, au niendelee kuivumilia?" Wenye kompyuta mpakato nao wana lao. Mashine inawashwa, mwenyewe anakwenda kubandika chai, anarudi anakuta kile kiduara bado kinazunguka. Swali hili ni la haki, wala si la anasa. Kwa wengi wetu simu ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote tunavyotembea navyo, na ziko nyumba ambamo simu ya baba ina bei kuliko kitanda anacholalia.

Ninalotaka kusema leo ni kwamba tunalijibu swali hili kichwa chini miguu juu. Tunatupa simu kwa kasoro zinazotengenezeka kwa pesa kidogo, kwa kuwa kasoro hizo zinaonekana na zinakera. Kisha tunang'ang'ania simu nyingine na kompyuta nyingine ambazo zilipaswa kustaafu zamani, kwa kuwa kasoro yake haionekani kwa macho.

Msikilize mtu anayetamani simu mpya. Chaji haikai. Inachemka. Inajizima ikiwa bado na asilimia ishirini. Siku hizi imekuwa nzito kama imelishwa dawa ya usingizi. Mara nyingi hayo yote ni maneno ya betri moja iliyochoka. Betri za lithiamu zimo katika simu zetu zote, na zina umri wake. Apple wenyewe wanaeleza kwamba betri za iPhone 14 na zilizoitangulia ziliundwa ili zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kumalizwa na kujazwa mara 500; kuanzia iPhone 15 wakataja mara 1,000. Anayemaliza chaji nzima kila siku huzifikisha hizo 500 kabla ya mwaka mmoja na nusu. Ongeza joto letu la pwani, ongeza simu iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari saa saba mchana, na nyingine inayochajiwa usiku kucha chini ya mto, uone kama utafika huko.

Kwamba betri chovu huifanya simu nzima ionekane imezeeka si maneno yangu tu. Mwaka 2017 Apple wenyewe walikiri. Mwezi Desemba mwaka ule mtumiaji mmoja wa iPhone 6s alibadilisha betri, akapima kasi ya simu yake kabla na baada, akakuta imerudi kuwa nyepesi kama zamani. Akalitangaza. Haukupita muda Apple wakakubali kwamba programu yao ilikuwa ikipunguza mwendo wa simu zenye betri zilizochoka. Wakasema lengo lilikuwa kuzuia zisizimike ghafla. Pengine ni kweli, lakini mwenye simu hakuambiwa. Yeye aliona simu imekuwa konokono, akahitimisha kwamba imefika mwisho, akaenda kununua nyingine. Kampuni iliomba radhi na kushusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka mzima wa 2018. Mwaka 2020 serikali ya Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaeleza wateja.

Hapo ndipo penye utamu. Tarehe 2 Januari 2019, Tim Cook, mkurugenzi mkuu wa Apple wakati huo, aliwaandikia wenye hisa kuwaeleza kwa nini mapato yangekuwa chini ya walivyotarajia. Alitaja sababu kadhaa, China ikiwa ya kwanza; lakini katika sababu za watu kutonunua simu mpya kwa wingi alizotaja ilikuwamo hii: wateja walitumia nafasi ya betri za bei nafuu. Yaani mwuzaji mwenyewe anakiri kwa maandishi kwamba watu waliobadilishiwa betri hawakuona tena haja ya simu mpya. Ushahidi gani mwingine tunautaka?

Sasa njoo Kariakoo, Dar es Salaam, Mtaa wa Aggrey, kwenye zile meza ndogo zenye kioo. Mama mmoja amefika na simu ambayo kioo chake kimenyanyuka upande mmoja kama mlango usiofunga vizuri. Ameshaamua kuiuza kwa bei ya kutupa, kwa sababu ameambiwa kioo kimekufa na kioo kipya ni ghali. Fundi hasemi kitu. Anaiweka simu juu ya kile kibati cha moto, anasubiri gundi ilainike, anapitisha kadi nyembamba ya plastiki pembeni taratibu, mfuniko wa nyuma unaachia. Ndani yake betri imevimba kama andazi. "Mama, kioo chako kizima," anamwambia, "hili ndilo lililokuwa linakisukuma." Betri ikatoka kwa uangalifu, ikaingia nyingine, kioo kikakaa mahali pake. Mama aliondoka na simu ileile na pesa yake nyingi ikiwa bado kwenye pochi.

Hapa niseme neno la tahadhari. Betri iliyovimba haichajiwi hata usiku mmoja zaidi, haitobolewi, haibanwi kwa mpira wala kwa kava. Hushika moto. Na fundi naye aulizwe: betri unayoniwekea ni ya namna gani, na ikileta shida baada ya wiki mbili nakukuta wapi? Mafundi wa kweli hawakasirikii swali hilo.

Kompyuta mpakato nazo zina siri yake. Nyingi za zamani zina diski ya kuzunguka, sahani inayosomwa na kijimkono kinachohangaika huku na huko kutafuta mafaili. Fundi akiitoa hiyo na kuweka SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani yake, mashine iliyokuwa ikichukua dakika tatu kuwaka huwaka kwa sekunde. Ikiwa RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 4 na nafasi ya kuongeza ipo, ongeza ifike 8. Safisha na vumbi kwenye feni. Mwalimu anayeandaa mitihani, karani anayeandika barua, mwanafunzi anayeandika tasnifu, hawahitaji zaidi ya hapo. Wanaohariri video au kuchora ramani za majengo ni watu wengine na hesabu yao ni nyingine.

Kuhusu simu "iliyojaa" sitasema mengi. Ingia kwenye WhatsApp, futa zile picha za maua zenye salamu za asubuhi na video za makundi matano ya harusi zilizokwisha kuliwa pilau. Hiyo nayo si sababu ya kwenda dukani.

Nimetetea vya zamani, sasa nivishitaki. Iko kasoro moja ambayo hakuna fundi wa Kariakoo wala wa Luthuli, Nairobi, anayeweza kuitengeneza, nayo ni mtengenezaji kuacha kutoa masasisho ya usalama. Programu za simu na kompyuta hugunduliwa matundu kila mwezi, na wezi huyasoma matangazo ya matundu hayo kama wewe unavyosoma gazeti. Kifaa kinachosasishwa huzibwa. Kisichosasishwa hubaki wazi, huku kinang'aa, kinapiga picha safi, na mwenyewe akijisifu kwamba hajakibadilisha miaka minane. Zamani hasara ingekuwa picha na namba za watu. Leo ndani ya simu mna programu ya benki, mna barua pepe inayofungua kila akaunti, mna ujumbe wenye namba za siri za kuthibitisha miamala.

Chukua Windows 10. Ilitoka mwaka 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida. Kwa wanaojiandikisha iliacha mlango wa mwaka mmoja wa nyongeza. Windows 11 nayo haikubali kompyuta yoyote tu: inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha nane. Kwa hiyo mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017, hata zikiwekewa SSD zikakimbia kama swala, zimefungiwa mlango. Mwenye mashine ya namna hiyo asiitupe. Mfumo wa Linux Mint au wa Ubuntu ni bure, ni salama, na programu ya LibreOffice inafungua nyaraka nyingi za ofisini. Ila asiyetaka kujifunza mfumo mwingine, na kazi yake ni kushika fedha za watu, huyo anunue. Nawaambia hasa wenye steshenari: bado ziko kompyuta zinazotumia Windows 7, iliyoachwa tangu Januari 2020, na wateja wanachomeka humo flashi zao na kufungua barua pepe za maombi ya kazi. Hilo si la kuvumilia.

Anayetumia simu kwa kupiga, kupokea na kutuma pesa kwa *150*00# hayamhusu sana haya. Kitochi kinamtosha, tena chaji yake inakaa siku nne.

Basi ikibidi kununua, nunua kwa macho wazi. Ingia dukani uulize swali ambalo wauzaji wengi hawajazoea: "Modeli hii itapata masasisho ya usalama hadi mwaka gani?" Utajibiwa, "Kaka, hii full boksi, kamera yake megapikseli mia na nane!" Rudia swali. Google iliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 iliyotoka mwaka 2023, na Samsung ikaahidi hiyohiyo kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024. Simu nyingi za bei ya chini huahidiwa muda mfupi zaidi, na nyingine haziahidiwi lolote. Umri huo huhesabiwa tangu modeli ilipoingia sokoni mara ya kwanza, si tangu siku wewe ulipofungua boksi. Ndiyo maana simu nzuri iliyotumika miaka miwili huweza kuwa na maisha marefu mbele yake kuliko simu mpya kabisa ya bei rahisi iliyozaliwa imeachwa. Ukinunua iliyotumika, bonyeza *#06#, linganisha namba ya IMEI na ya kwenye boksi au risiti, na, kama uko Tanzania, uitume kwenda 15090 ujue kama ni halali. Waliozimiwa simu bandia na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) mwezi Juni 2016 wanajua kwa nini nasema hivi, na ndugu zetu wa Kenya yaliwakuta mapema zaidi, mwaka 2012.

Na mkopo? Sina ugomvi na mkopo wa simu, maana umewafikisha wengi kwenye intaneti. Nina ugomvi na kutopiga hesabu. Tuseme kianzio ni shilingi 60,000 na malipo ni 1,500 kila siku kwa mwaka mzima. Elfu moja mia tano haisikiki; ni bei ya chapati na maharage. Zidisha mara 365, ongeza kianzio, unapata 607,500. Ikiwa simu ileile taslimu ni 400,000, umelipa zaidi ya laki mbili kwa kutokusubiri, na siku utakayochelewa simu itafungwa mkononi mwako, pengine wakati unampigia daktari.

Wapo watakaosema, "Mwandishi, mbona husemi ukweli? Watu wananunua simu kwa heshima." Najua. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwenye nacho akitaka simu nzuri kama anavyotaka saa nzuri au kanzu ya hariri, anunue, na asitafute kisingizio cha kamera. Ninayemsikitikia ni kijana anayekosa kodi ya chumba kwa sababu ya tofauti kati ya simu ya mwaka jana na ya mwaka huu. Iko miaka ambapo tofauti ilikuwa kubwa kweli: iPhone ya kwanza ya mwaka 2007 haikuwa na kamera ya mbele wala duka la programu. Siku hizi ukizifunika nembo ukaziweka mbili mezani, ya mwaka jana na ya mwaka huu, wengi wetu tutabahatisha.

Nasi watu wa ukanda huu tunayo sababu yetu nyingine ya kutokuwa wepesi wa kutupa. Kobalti iliyomo katika betri nyingi hutoka kwa sehemu kubwa Kongo, kwenye migodi ya Kolwezi na majirani zake, ambako wachimbaji huongea Kiswahili hikihiki. Na taka za vifaa vya umeme duniani zilifika tani milioni 62 mwaka 2022. Zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika hata robo.

Ndugu msomaji, usikae na makala haya kichwani tu. Leo jioni fungua Mipangilio, ingia Kuhusu simu, tafuta tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa ni ya miezi ya karibuni, mpelekee fundi simu yako aibadilishe betri. Ikiwa imeganda miaka miwili nyuma, hamisha programu ya benki kwenye kifaa kingine kilicho salama, au ifute utumie menyu ya kawaida ya mtandao wako, kisha anza kuweka akiba.